Chai ya majani nyumbani: mwongozo kamili wa kuitengeneza na kuionja

Chai ya kijani ya kwanza niliyotengeneza mwenyewe iliishia kwenye sinki. Nilitia kijiko kilichojaa majani kikombeni, nikamimina maji yanayotokota, kisha nikaenda kupokea simu. Niliporudi dakika kumi baadaye, kikombe kilikuwa na kitu cha rangi ya matope ya manjano, na funda moja tu lilinikunja uso. Nikaamua kwamba hii ni dawa, wala si kinywaji, na kopo nikalisukumia nyuma ya kabati. Wiki chache baadaye mgeni wangu mmoja akaliona. Akachukua majani yale yale, akachemsha maji, akayaacha yapoe kidogo, akatazama saa kwa dakika moja na nusu, akanipa. Ilikuwa na utamu, na hakuna aliyeigusa sukari. Ilinukia nyasi zilizofyekwa asubuhi.

Tangu siku hiyo chai ikinishinda, mshtakiwa wangu wa kwanza ni maji, wa pili ni saa. Majani huyashtaki mwisho kabisa.

Mmea mmoja, chai nyingi

Chai nyeupe, ya kijani, oolong, nyeusi na Pu-erh zote hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis. Una aina kuu mbili: ile ya Kichina yenye majani madogo inayostahimili baridi, na ile ya Assam, India, yenye majani mapana. Kinachozitenga chai hizi hasa ni mambo yanayofanyika baada ya jani kuchumwa.

Ukikata tofaa ukaliacha mezani, hugeuka kahawia. Jani la chai likisagika au kukunjwa hufanya vivyo hivyo: vimeng'enya vyake hukutana na hewa, na rangi, harufu na ladha huanza kubadilika. Mtengeneza chai ndiye anayeamua asimamishe wapi. Akitaka chai ya kijani, hulipasha jani joto mapema ili kuua vimeng'enya hivyo. China hutumia zaidi sufuria za moto, Japani hutumia mvuke, na ndiyo maana Longjing, chai ya kijani ya Hangzhou, China, hunukia kama kitu kilichokaangwa kidogo ilhali sencha ya Japani hunukia mboga mbichi na bahari kwa mbali. Akiliacha jani ligeuke lote, anapata chai nyeusi, ambayo Wachina wenyewe huiita chai nyekundu kwa rangi ya maji yake. Chai nyeupe haisumbuliwi sana: machipukizi hunyaushwa polepole kisha hukaushwa.

Oolong iko katikati, na katikati hapo ni papana mno. Tieguanyin nyepesi ya Anxi, mkoani Fujian, inaweza kukupa harufu ya maua, na oolong ya milima ya Wuyi, mkoani humo humo, ikakupa moshi wa mkaa na karanga zilizochomwa. Mtu akikuambia haipendi oolong, muulize kwanza ni ipi.

Pu-erh ya Yunnan hupitia njia nyingine: huchachuka kwa vijidudu. Iko mbichi, inayokomaa kwa miaka, na iko ya kuivishwa, ambayo majani yake hulundikwa yakiwa na unyevu ili yachachuke upesi, mbinu iliyoanza kutumika viwandani miaka ya 1970. Kuna pia chai ya manjano, ila ni adimu, na anayeanza hana haja ya kuihangaikia.

Rooibos, kamomili na rosela si chai kwa maana hii. Ni mimea mingine. Itie maji yanayotokota, funika dakika 5 hadi 10, na usiwe na wasiwasi nayo.

Vyombo: vichache, lakini si vyovyote

Unahitaji birika la kuchemshia, buli dogo au kikombe chenye mfuniko, chujio, saa, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja au chini ya hapo.

Mizani ndiyo watu huicheka. Jaribu hivi: jaza kijiko chai nyeupe yenye majani makubwa, upime. Kijaze tena kijiko hicho hicho oolong iliyosokotwa kuwa vidonge, upime. Cha pili kitakuwa na uzito mara kadhaa ya cha kwanza. Mapishi yanayosema "kijiko kimoja kwa kikombe" yanakudanganya bila kukusudia.

Kuhusu chujio, achana na vile vitufe vya waya vinavyofungwa na kuning'inizwa kikombeni. Jani likilowa hufumuka, na oolong iliyosokotwa hujaza chombo mpaka ushangae ilikuwa imejificha wapi. Ndani ya kitufe halina pa kwenda, hivyo majani ya nje hutoa kila kitu na ya ndani hubaki makavu nusu. Tumia chujio pana kama kikapu linalofika karibu na kitako cha kikombe, au loweka majani yakiwa huru kwenye buli kisha uchuje unapomimina.

Maji

Kikombe cha chai ni maji karibu chote, kwa hiyo maji yenye harufu ya klorini yatakupa chai yenye harufu ya klorini. Chujio la mkaa husaidia. Maji yenye chokaa nyingi huifanya chai nyeusi ipoteze mng'aro na kutandaza utando mwembamba juu yake, ule unaopasuka kama barafu ukiutikisa. Maji yasiyo na madini kabisa nayo hutoa chai bapa, isiyo na uhai. Nikinunua maji ya chupa husoma lebo, na yenye madini kati ya miligramu 50 na 150 kwa lita hunipa matokeo mazuri. Ukitaka kujua kama tatizo lako ni bomba, tengeneza vikombe viwili vya chai ile ile, kimoja kwa maji ya bomba na kingine kwa maji ya chupa, uvionje bega kwa bega. Jibu hupatikana papo hapo.

Sasa joto, na hapa tukae kidogo. Jani lina vitu vingi vinavyoyeyuka, lakini haviondoki kwa mwendo mmoja. Theanini na asidi amino nyingine, zinazoleta utamu na ile ladha ya mchuzi, hutoka vizuri hata katika maji yasiyo moto sana. Katekini, zinazoleta uchungu na ukakasi, hutaka joto ili zitoke kwa wingi, na kafeini nayo huharakishwa na joto. Kwa hiyo ukipunguza joto hupati chai "isiyoiva". Unabadilisha mgawanyo wa kile kinachoingia kikombeni. Chai ya kijani imebaki na katekini zake nyingi, ndiyo maana haivumilii maji yanayotokota. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini imegeuka kuwa vitu vingine vinavyoleta rangi na uzito, na hivyo huhitaji joto ili vitoke.

Kama huna kipimajoto, tazama na usikilize. Vipovu vidogo vikishikamana na kitako cha sufuria na uzi wa mvuke ukianza kupanda, uko kwenye nyuzi 70 hadi 80 za Selsiasi. Vipovu vikipanda kwa misururu na sauti ikivuma, umekaribia 90. Yakitokota yote, yamefika. Njia ninayoitegemea zaidi ni ya kuhamisha: chemsha, kisha mimina maji kwenye jagi baridi, na kutoka hapo kwenye buli baridi. Kila uhamisho huondoa nyuzi kama 10, zaidi kidogo kama chombo ni kizito.

Ukiishi mahali pa juu, kumbuka kwamba maji huchemka mapema: kiwango hushuka karibu nyuzi 1 kwa kila mita 300. Kwenye mita 1,800 maji yako yanatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa chai ya kijani hilo halina neno. Kwa chai nyeusi, pasha buli vizuri na uongeze nusu dakika.

Kikombe cha kwanza, hatua kwa hatua

1. Mimina maji moto kidogo kwenye buli, lizungushe, yamwage. Buli baridi litakuibia joto uliloliandaa.

2. Pima majani: gramu 2.5 hadi 3 kwa kikombe cha mililita 250.

3. Tia majani kwenye buli lililo moto, funika, hesabu hadi kumi, kisha funua na unuse. Hatua hii watu huiruka, nami naiona ndiyo tamu kuliko zote. Joto na unyevu wa buli huamsha harufu ambayo kwenye jani kavu ilikuwa imelala.

4. Mimina maji, funika, washa saa.

5. Onja kwa kijiko kabla muda haujaisha. Kama mwongozo unasema dakika 3, onja kwenye dakika 2. Ulimi wako ukisema inatosha, inatosha.

6. Chuja yote. Chai isibaki kwenye buli pamoja na majani huku ukinywa kikombe cha kwanza, maana kikombe cha pili kitakuwa kimeharibika kabla hujakifikia.

Kuhusu joto na muda, anzia hapa:

- Kijani cha Japani: nyuzi 70–75, dakika 1 hadi 1.5. Gyokuro, inayofunikwa kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuchumwa, hutaka nyuzi 50–60 na majani zaidi.
- Kijani cha China: nyuzi 80, dakika 2.
- Nyeupe: nyuzi 85–90, dakika 4 au 5.
- Oolong nyepesi: nyuzi 90, dakika 3. Iliyochomwa: 95 na kuendelea.
- Nyeusi: nyuzi 95–100, dakika 3 hadi 4. Darjeeling, chai ya milima ya India, ya mchumo wa kwanza ni laini zaidi. Ipe 85–90 na dakika 3.
- Pu-erh: maji yanayotokota. Suuza majani kwa sekunde 5, mwaga maji hayo, kisha dakika 3.

Chai ya chembechembe iliyopitia mashine ya kukata, kuchana na kuviringisha, teknolojia iliyozaliwa Assam miaka ya 1930, hukolea haraka sana. Dakika 2 huitosha. Iliundwa kukolea upesi, na si haki kuipima kwa vigezo vya Longjing.

Majani mengi, sekunde chache

Njia ya hapo juu hukupa picha moja ya chai. Ipo nyingine inayokupa mfululizo wa picha, nayo ndiyo wanayotumia Wachina kwa oolong na Pu-erh. Chukua gaiwan, yaani bakuli dogo lenye mfuniko na kisahani, la mililita 100 hivi. Tia gramu 5 za majani. Mimina maji ya nyuzi 95, subiri sekunde 15, sogeza mfuniko uache mwanya mwembamba, umimine yote kwenye jagi dogo. Maji ya pili sekunde 15 tena, ya tatu 20, kisha uongeze kidogo kidogo. Utachoma vidole mara mbili tatu mpaka ujifunze kushika ukingo tu. Usijaze maji hadi juu, hilo ndilo kosa linalounguza.

Oolong iliyosokotwa hufurahisha sana hapa. Kwenye maji ya kwanza vidonge bado vimejikunja na chai ni ya manjano hafifu, harufu nyingi kuliko ladha. Kwenye ya tatu majani yamefunguka, mfuniko unaanza kuinuliwa kutoka ndani, na kinywa kinajaa. Kufikia ya sita maua yameondoka, kumebaki utamu wa kuni mbichi. Nusa chini ya mfuniko kila mara kabla hujanywa. Harufu hapo huwa tofauti na ya kikombe.

Kuonja kwa makini

Waonjaji wa kazi hii wana kipimo cha kimataifa, ISO 3103: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100, maji yanayotokota, dakika 6. Chai inayotoka humo ni kali, na imekusudiwa iwe kali. Wao hawatafuti kinywaji kizuri. Wanataka kasoro zisipate pa kujificha, na sampuli zote zipite njia moja. Mimi na wewe tunaazima kanuni tu: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Zoezi langu la kwanza kwa yeyote anayeanza ni hili. Chukua chai moja ya kijani na vikombe vitatu. Kila kimoja gramu 2 na mililita 150, dakika 2. Cha kwanza maji ya nyuzi 70, cha pili 85, cha tatu yanayotokota. Chuja, subiri vipoe kidogo, onja kwa zamu na urudie. Ukiwa na mtu wa kukuchanganyia vikombe usijue kipi ni kipi, ni bora zaidi, maana macho hudanganya ulimi. Siku nyingine shika joto moja, ubadilishe muda. Vikombe hivi sita vitakufundisha zaidi ya makopo sita ya chai tofauti.

Usionje ikiwa ya moto sana. Ulimi uliochomwa hauonji kitu, na zaidi ya hapo, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 katika kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2016. Chai ya uvuguvugu husema mengi. Piga funda dogo na ulifyonze kwa kelele, hewa iingie pamoja na chai. Ndiyo, adabu ya mezani inakataa, lakini hewa ndiyo inayopeleka harufu nyuma ya pua, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha iko huko.

Kisha jiulize mambo haya. Je, ni chungu, au ina ukakasi? Watu huvichanganya. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso: ule ukavu na mkwaruzo unaoachwa na ndizi mbichi, kwa sababu tanini, yaani vile vitu vya ukakasi vilivyomo kwenye jani, hushikana na protini za mate. Chai inaweza kuwa na kimoja bila kingine. Ukakasi kidogo ndio unaoipa chai nyeusi nzuri uchangamfu wake. Ukizidi unakwaruza koo. Je, chai ni nyepesi kama maji au inajaza kinywa? Ukishameza, kinabaki nini, na kwa muda gani? Wachina wana neno, hui gan, kwa utamu unaorudi kooni baada ya uchungu kupita. Usipousikia mara ya kwanza usijilazimishe.

Mwisho, yamwage majani yaliyolowa kwenye sahani nyeupe. Kama ni machipukizi mazima, utayaona. Kama ni vipande na vijiti, utaviona pia, hata kama pakiti ilisifiwa namna gani. Oolong mara nyingi huonyesha kingo nyekundu na katikati kijani: alama ya pale jani lilipochubuliwa kwa makusudi.

Andika unachokisikia kwa maneno yako. Daftari langu lina "mvua kwenye zege", "ngozi ya pera" na "sanduku la shangazi". Hakuna mwingine anayehitaji kuelewa.

Ikienda kombo

Ikiwa chungu, punguza joto kwanza. Ukakasi ukizidi, punguza muda. Ikiwa nyepesi, ongeza majani, usiongeze dakika; hili ndilo kosa la kila siku, mtu anaiacha chai ndani akidhani anatafuta nguvu kumbe anakusanya ukakasi. Ikiwa bapa, chunguza maji, kisha umri wa majani.

Chai ya kijani iliyokukataa kwa maji ya moto ipe nafasi ya mwisho kwa maji baridi: gramu 8 hadi 10 kwa lita, kwenye friji usiku kucha, chuja asubuhi. Uchungu hubaki ndani ya jani.

Maziwa? Onja bila maziwa kwanza, kisha fanya utakavyo. Protini za maziwa hushika tanini, na ndiyo sababu Assam kali hulainika yakitiwa. Kutia maziwa kwenye chai nyeupe, hapo nitanyamaza, ila uso wangu utasema.

Kuhifadhi

Maadui ni hewa, mwanga, joto, unyevu na harufu. Kopo lisilopitisha mwanga, lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko. Nunua kidogo, gramu 50 hivi, na chai ya kijani uimalize ndani ya miezi michache baada ya kuifungua. Nyeusi huvumilia mwaka na zaidi. Pu-erh peke yake hutaka hewa kidogo ili iendelee kukomaa. Ukiweka chai kwenye friji iwe imefungwa kabisa, na ukiitoa iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua, la sivyo unyevu wa hewa utatua juu ya majani baridi.

Na harufu usiidharau. Niliwahi kuiweka oolong ghali kwenye rafu moja na viungo, mfuniko ukiwa umelegea. Ndani ya mwezi ilinukia mdalasini kuanzia maji ya kwanza hadi ya saba. Niliinywa yote, na daftarini nikaiandika "oolong ya kabati".